Siku moja maishani mwangu: dawati la usaidizi wa hifadhidata

Saa 2 asubuhi. Tiketi ya kwanza, yaani ombi la msaada, imeshaingia: "Faili linasema linatumiwa na mtu mwingine, na ofisini niko peke yangu." Access, programu ya hifadhidata ya Microsoft, ikifungua faili huweka pembeni yake kijifaili chenye jina lilelile, kinachoishia na laccdb, cha kuonyesha nani yumo ndani. Kompyuta ikizimika ghafla, kijifaili hubaki. Namwambia dada ahakikishe kweli hakuna mwenzake aliyefungua, kisha akifute. Imekwisha.

Saa 3. Simu ya leo ndiyo kazi yangu yenyewe. Kaka mmoja amepewa kompyuta mpya, na mfumo wa kutoa ankara umegoma. "Nani aliutengeneza?" "Alishaacha kazi kitambo, na hakuacha maelezo." Wateja wangu wengi ni warithi wa namna hii. Fundi alijenga jioni baada ya kazi, ofisi nzima ikauegemea, akaondoka.

Kosa lenyewe si kubwa. Msimbo, yaani maagizo yanayoendesha mfumo, uliandikwa enzi za Office ya biti 32, kompyuta mpya ina ya biti 64, kwa hiyo kila mstari unaotangaza kazi za Windows unahitaji kuongezwa neno PtrSafe, na baadhi ya aina za vigeu (majina yanayobeba thamani ndani ya msimbo) zibadilishwe. Kigumu ni kumshawishi kaka afungue msimbo, maana anauogopa. Tunatengeneza nakala kwanza, tunagusa nakala hiyo tu, mstari kwa mstari. Tumetumia karibu saa mbili, na sijutii.

Saa 5. Faili limefika GB 2, kikomo cha Access, na halipokei tena rekodi. Mama aliyepiga analalamika kwamba alifuta data ya miaka ya nyuma na ukubwa haukupungua. Haupungui, Mama: kufuta huacha nafasi tupu ndani ya faili mpaka ulibane kwa Compact and Repair. Tumebana, limenywea sana. Ila picha za bidhaa zimehifadhiwa ndani ya jedwali, kwa hiyo litajaa tena. Picha zikae kwenye folda, jedwali libebe njia ya kuzifikia tu.

Saa 7. Chakula, haraka.

Saa 8. Mkuu wangu anataka ripoti: je, bado kuna mahitaji ya hifadhidata za mezani, yaani za kwenye kompyuta ya ofisini kama Access? Anahesabu tiketi zenye neno "hifadhidata", anaona zinapungua. Mimi sikubaliani na hesabu hiyo. Watu hawaombi hivyo. Wanaandika "lahajedwali langu limekuwa zito", "tunafutiana kazi", "namba za simu zimepoteza sifuri ya mwanzo", "mteja mmoja ana majina manne". Lahajedwali moja la Excel lina safu mlalo 1,048,576, na wachache mno hufika huko. Wanakwama mapema kwa sababu jina lilelile linaandikwa upya kila mahali. Huyo ni mteja wa hifadhidata, hajui tu. Na programu hizi hazifi kirahisi: Visual FoxPro, programu nyingine ya hifadhidata, iliacha kuhudumiwa na Microsoft mwaka 2015, lakini mafaili yake ya dbf bado yananifikia.

Saa 9. Swali la mtumiaji wa Mac. Access haina toleo la Mac. Kama fedha ipo, FileMaker. Kama haipo, ajaribu LibreOffice Base. Simu fupi.

Saa 10. "Mauzo ya mwanzo wa mwezi yamepotea!" Hayajapotea. Ndani ya msimbo, Access husoma tarehe iliyo kati ya alama za # kwa mtindo wa Marekani, mwezi kwanza. Tarehe 3 Aprili ikawa 4 Machi. Kuanzia tarehe 13 inajirekebisha yenyewe, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13, ndiyo maana nusu ya ripoti ilikuwa sahihi na hakuna aliyeshtuka. Kosa linaloonekana nusu ndilo ninalolichukia kuliko yote. Nimemwandikia mwaka-mwezi-siku, yakarudi.

Saa 11. Nimetuma ripoti kwa mkuu: tuendelee kupokea simu za Access, na tuanze kuuza huduma ya kuhamishia majedwali kwenye seva huku fomu zikibaki zilezile ambazo watu wamezizoea. Amejibu kwa neno moja, "Gharama?" Hesabu hiyo nitaifanya kesho, baada ya kaka wa ankara, ambaye sasa anataka kuongeza fomu mpya.