Ni masi tu, bandugu

Kamio (lori) ya baba mukubwa ni ya zamani sana, volti 24, batri mbili za 12 zimefungwa moja nyuma ya ingine, na fili (waya) zake zimeshakatwa na kuungwa na kila elektrisie wa Goma tangu mi sijazaliwa. Juzi njo ikaanza mambo: unakanyaga freni, kliniota (taa ya kukata kona) nayo inawaka kidogo-kidogo kama inaona haya. Fundi mmoja akasema tununue taa mpya. Bule! Nikachukua multimeta, taa ikiwa inawaka nikapima kati ya masi ya taa (pale umeme inapitia shasi kurudi ku batri) na moinsi (upande wa hasi) ya batri, pale inapaswa kuwa karibu 0, mi nikapata volti 4, ni kusema umeme inapotea ku masi. Nikafungua bulo (bolti) ya masi ku shasi, kutu tupu, nikaparura mpaka chuma ikang'aa, grisi kidogo, kwisha.

Ya pili ndo ilinitoa jasho. Fizibo (fyuzi) ya taa za ubavuni inaungua kila tukipita njia ya mawe ya volkano, ku laami hakuna shida. Sasa badala ya kumaliza fizibo zote za duka nikaweka ampuli (balbu) ya volti 24 pale pa fizibo, shorti (fili ya umeme ikigusa chuma) ikiwepo inawaka kwa nguvu, isipokuwepo inafifia. Mdogo wangu akawa anatikisa fili moja moja huku chini, mi macho ku ampuli, saa nzima, mvua nayo hiyo inakuja, mpaka akafika nyuma ya rezervwari (tangi) na ampuli ikawaka paa! Fili imesuguliwa na chuma mpaka shaba iko inje. Na mwenye aliifunga na sashe (kamfuko ka plastiki), sijui alikuwa anafikiria nini.