GMAT ilipobadilika nikiwa katikati ya kujiandaa: uzoefu wangu kutoka Tanga

Mtihani wa GMAT (ule wa kuombea nafasi kwenye vyuo vya biashara) nilioanza kuusomea sio niliokuja kuufanya. Nilianza mwaka 2023 kwa vitabu nilivyoachiwa na binti wa shangazi yangu, ambaye aliufanya miaka ya nyuma alipokuwa akiomba nafasi ya kusomea shahada ya uzamili ya biashara nje ya nchi. Nilikuwa nimeshauzoea mpangilio wake: insha ya nusu saa, kipande kifupi cha kusoma majedwali, hesabu, kisha lugha. Ukijumlisha, ni saa tatu na dakika saba. Ndipo ikatangazwa kwamba toleo jipya litaanza tarehe 7 Novemba 2023, na la zamani litafanywa kwa mara ya mwisho tarehe 31 Januari 2024.

Naandika haya kwa sababu maelezo mengi niliyoyapata yalitoka kwa watu wenye madarasa ya maandalizi mtaani kwao na walimu wa kulipia. Mimi ni mfanyakazi wa wakala wa forodha hapa bandarini Tanga. Muda wangu wa kusoma ulikuwa jioni nikitoka kazini, na Jumamosi kwenye Maktaba ya Mkoa, pembeni ya wanafunzi wa kidato cha sita. Najua wapo wengine walio katika hali kama yangu.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa ni upi niufanye. Nilimpigia simu dada, yule binti wa shangazi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu. Mimi ningekuwa wewe ningewahi huo wa zamani. Vitabu si unavyo?"

Hoja yake ilikuwa na uzito, na kipindi kile watu wengi walifanya hivyohivyo. Lakini nilipopima, niliona ili niwahi Januari ningelazimika kusoma kwa pupa, na Novemba na Desemba ndiyo miezi ambayo bandarini hatupumui. Isitoshe, vyuo vingi vilikuwa vinapokea alama za matoleo yote mawili, kwa hiyo kusubiri hakukunifungia mlango. Nikamwambia dada nitasubiri. Akaguna, akaniombea dua, yakaisha.

Baada ya hapo nilitenga yaliyoondoka na yaliyobaki. Yaliyoondoka ni insha, maswali ya kusahihisha sentensi, na jiometri ya pembetatu na duara. Yaliyobaki kwenye hesabu ni aljebra, uwiano, asilimia, kasi, sifa za namba, uwezekano. Kwenye lugha yalibaki maswali ya ufahamu na ya kupima hoja. Kuna aina moja ya swali ambayo haikuondoka bali ilihama: yale yanayouliza kama taarifa ulizopewa zinatosha. Yalitoka kwenye hesabu yakaenda kwenye sehemu mpya ya data, iitwayo Data Insights, ambayo pia ilimeza kile kipande cha kusoma majedwali. Mtihani mzima sasa ni maswali 64 kwa saa mbili na robo. Kila sehemu ina dakika 45: hesabu maswali 21, lugha 23, data 20.

Wengi walishangilia kwamba mtihani umefupishwa. Mimi nadhani badiliko kubwa liko kwingine. Zamani kile kipande cha kusoma majedwali kilikuwa na alama yake ya pembeni, haikuingia kwenye jumla ya 800. Mtu angeweza kukipuuza na bado akapata jumla nzuri. Sasa sehemu ya data inabeba theluthi nzima ya jumla, sawasawa na hesabu na sawasawa na lugha. Nilipolielewa hilo, nilijua jioni zangu nyingi ziende wapi.

Na hapo ndipo kazi yangu iliponisaidia kuliko kitabu chochote. Mzigo mmoja bandarini huja na karatasi kadhaa: ankara, orodha ya vifurushi, hati ya shehena, cheti cha nchi ulikotoka. Ankara inasema katoni 400, orodha ya vifurushi inasema 398, uzito kwenye hati ya shehena hauendani na yoyote kati ya hizo mbili. Kazi yetu ni kuiona tofauti hiyo kabla afisa wa forodha hajaiona. Sehemu ya data ina maswali ya namna hiyohiyo: unapewa kurasa mbili au tatu zenye barua, jedwali na maelezo ya masharti, kisha unaulizwa jambo ambalo jibu lake limegawanyika kati ya kurasa hizo. Kazini sisomi karatasi zote neno kwa neno. Naangalia kwanza kila karatasi inahusu nini, kisha narudi kutafuta ninachokihitaji. Nikaanza kufanya hivyo kwenye mazoezi, na maswali yaliyokuwa yakinila dakika nne yakaanza kuniachia nafasi.

Maswali ya kutosha au kutotosha kwa taarifa yanahitaji nidhamu ya aina yake. Nilijitungia mifano ya hapa nyumbani ili akili iyazoee. Lori limebeba marobota mangapi ya mkonge? Taarifa ya kwanza: mzigo wote una uzito wa tani 30. Taarifa ya pili: kila robota lina kilo 250. Ya kwanza peke yake haitoshi, ya pili peke yake haitoshi, zote mbili pamoja zinatosha. Jibu linaishia hapo. Huhitaji kupiga hesabu upate 120, na kila sekunde unayotumia kuitafuta hiyo 120 unaiiba kwenye swali linalofuata. Mkono wangu uliozoea kukamilisha hesabu ulichukua muda kukubali hilo.

Sehemu ya data ina kikokotoo kwenye skrini, na hesabu haina. Ushauri wangu ni kukigusa mara chache hata pale kinaporuhusiwa, kwa sababu kubonyeza namba kwa kipanya ni polepole kuliko kukadiria. Mazoezi ya kukadiria niliyatoa kwenye mambo ya mkoa wetu. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani lina kilomita 1,443, na kati ya hizo 1,147 zipo Tanzania. Ni sehemu gani ya bomba? Upande wa Uganda unabaki na 296. Moja ya tano ya 1,443 ni kama 289, kwa hiyo Uganda ina zaidi kidogo ya moja ya tano, na sisi tuna pungufu kidogo ya asilimia 80. Imetosha kuchagua jibu. Au mkonge wenyewe: mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000, ikafika hai Tanga 62 tu. Hiyo ni asilimia 6.2, na kutoka kwenye miche hiyo nchi ilifika kuzalisha takriban tani 230,000 mwaka 1964. Nilikuwa nachora majedwali ya namba kama hizi kwenye daftari, kisha najiuliza maswali ya ndiyo na hapana juu yake.

Angalia sana asilimia. Kitu kikipanda kutoka asilimia 20 hadi 30 kimeongezeka kwa pointi 10, lakini ongezeko lenyewe ni la asilimia 50. Watunga maswali wanalipenda pengo hilo, na chaguo zote mbili utazikuta zimewekwa zinakusubiri. Jambo jingine: maswali yenye vipengele viwili au vitatu hayatoi alama nusunusu. Ukikosa kipengele kimoja umekosa swali zima, kwa hiyo ukiona kipengele kimoja hukiwezi kabisa, usikae ukikipamba kile kingine.

Kuhusu lugha nina maoni yanayopingana na ya wenzangu. Niliambiwa kwamba kuondolewa kwa sarufi ni neema kwetu tuliosoma msingi kwa Kiswahili. Mimi sioni hivyo. Sarufi ya Kiingereza tulifundishwa kwa kanuni, tukakariri, na kanuni ukiijua umeijua. Mtu wa Tanga angeweza kumshinda mzaliwa wa London kwenye maswali yale. Kilichobaki ni kusoma maandishi mazito ya Kiingereza kwa kasi na kushika hoja ya mwandishi, na hapo ndipo pagumu kwetu. Kwa hiyo sikuupunguza muda wa lugha, niliuhamisha. Kila siku nilisoma aya chache za makala za uchumi au sayansi kwa Kiingereza, nafunika, kisha nasema kwa sauti, kwa Kiswahili, mwandishi anataka nikubali nini na ametoa ushahidi gani. Nikishindwa kusema, sikuelewa, narudia. Zoezi hili halina gharama na ndilo lililonifaa kuliko yote.

Maswali ya kupima hoja nilijizoeza kwa mazungumzo ya barazani. Bandari yetu imeongezwa kina kutoka mita 3 hadi 13 na gati sasa lina mita 450, hivyo meli zinafunga gatini badala ya kushushia mizigo kwenye matishari kule nje. Mtu anasema: nyumba za kulala wageni zimejaa, basi ni bandari hiyo imeleta watu. Nikisikia hivyo najiuliza ni sababu gani nyingine iliyokuja wakati mmoja na hiyo. Ujenzi wa bomba, bila shaka. Je, nyumba zenyewe zimeongezeka au zimepungua? Unahitaji taarifa gani ili hoja ipate nguvu? Ni maswali yaleyale ya mtihani. Jamaa wa kahawa pale Ngamiani walinivumilia, Mungu awabariki.

Toleo jipya linakuruhusu kuweka alama kwenye maswali ya kurudia, na mwisho wa kila sehemu unaweza kubadilisha majibu hadi matatu. Zamani ukishalijibu swali limekwenda. Lakini kumbuka huwezi kuliruka swali likiwa tupu; lazima uchague jibu ndipo lije jingine, na maswali yakibaki bila kujibiwa muda ukiisha unapunguziwa alama. Niliweka sheria: nikipita dakika mbili na nusu bila njia ya kueleweka, nachagua jibu lililo karibu, naweka alama, naondoka. Nafasi hizo za kubadilisha nilizitumia kwenye maswali ya hesabu pekee, ambapo kurudia mara moja kunaweza kufichua kosa. Kwenye ufahamu, kurudi kusoma kifungu upya zikiwa zimebaki dakika mbili hakuna tija.

Sehemu tatu unazipanga utakavyo. Nilianza na lugha kwa sababu ndiyo inayonichosha na niliitaka nikiwa na akili mpya, ikafuata data, nikachukua mapumziko ya dakika kumi, nikamalizia hesabu. Mpango huo niliujaribu kwanza kwenye mitihani miwili ya mazoezi inayotolewa bure na wenye mtihani. Nakushauri uitunze hiyo miwili, usiimalize mwanzoni kwa hamu ya kujua uko wapi.

Ningeweza kuufanya nyumbani kwa intaneti. Unatakiwa chumba ambacho haingii mtu, kamera iwe wazi muda wote, na mezani pasiwe na kitu. Nyumba yetu ni ya ukoo, watoto wanaingia wanatoka, na umeme nao nani atauwekea dhamana? Nikaamua kwenda kituoni Dar es Salaam. Nilipanda basi siku mbili kabla, Segera, Chalinze, nikalala kwa mama mdogo. Nilikwenda na pasipoti, nikahakikisha jina nililojisajilia ni lilelile lililomo, herufi kwa herufi. Kituoni karatasi za kawaida hazipo: unapewa kijitabu cha kurasa za plastiki na kalamu ya wino wa kufutika. Nilijua hilo mapema, nikanunua kalamu ya ubao na kufanyia mazoezi juu ya plastiki wiki za mwisho. Wino ule unahitaji kuandika kwa herufi kubwa, na ukurasa unaisha upesi.

Nilipata 625: hesabu 80, lugha 80, data 83. Kila sehemu hutolewa alama kati ya 60 na 90.

Kazi iliyofuata ilikuwa kuwaeleza watu. Dada alipata 650 enzi zake, na shangazi akaniuliza kwa upole kama nimeshuka. Mizani imebadilika: sasa jumla inaanzia 205 hadi 805, na alama zote huishia na 5, ili mtu akiona namba ajue ni ya toleo gani. Ile 700 iliyokuwa ikitajwa kama alama ya heshima ni karibu sawa na 645 ya sasa. Kwa hiyo ukiiweka 625 kando ya 650 bila kutazama mizani, utamwonea mtoto wa watu. Bosi wangu naye nilimweleza hivyohivyo kabla hajaniandikia barua ya kunidhamini, nisije nikaombewa huruma nisiyoihitaji.

Vyuo vya kupelekewa alama unavichagua baada ya kuiona alama yako, sio kabla, na vitano vya kwanza ni bure ukichagua ndani ya saa 48. Nimetuma kwa viwili tu. Alama zinadumu miaka mitano, kwa hiyo vingine nitaviomba nikishapata uhakika wa ufadhili, na jioni zangu sasa ni za insha za maombi.