"Pandisheni sauti"

Jumamosi kwenye mazoezi ya kwaya hapa Mbeya mwalimu alisimamisha wimbo akasema "sauti ya nne, pandisheni sauti!", basi nusu ya wale kaka zangu wanaoimba besi wakaongeza nguvu na nusu wakapanda noti, ukawa mvurugano mtupu. Mi nilikuwa nimekaa kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti, na naapa kila mtu alimtii mwalimu. Kiswahili chetu ndo kinaruhusu yote mawili. Sauti nyembamba tunaiita ya juu, sauti kubwa nayo tunaiita ya juu, wakati nyembamba ni hewa kutetemeka mara nyingi kwa sekunde, na kubwa ni kutetemeka kwa nguvu.

Nimeliwaza hili wiki nzima, maana kumbe hata sikio lenyewe linavichanganya.

Mwaka jana tulirekodi, mchana nikasikiliza kwa spika kubwa, besi inajaa kifuani, safi kabisa. Usiku nikarudia chumbani Mwanjelwa nikiwa nimepunguza ili nisiwaamshe wapangaji wenzangu, jamani sauti ya nne haipo! Imebaki sauti ya kwanza tu inalia. Nikahangaika na mikisa hadi saa nane usiku, na rekodi haikuwa na kosa lolote. Wanasayansi Fletcher na Munson wa Marekani walishalipima hili mwaka 1933, waliwasikilizisha watu sauti mbalimbali wakilinganisha na ile ya hezi 1000, yaani inayotetemeka mara 1000 kwa sekunde: ukisikiliza kwa nguvu ndogo sana, sauti nene ya hezi 50 inahitaji kama desibeli 40 zaidi (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti) ili uisikie tu, yaani nguvu mara 10,000! Ukifungulia spika tofauti hiyo inapungua, ndo maana besi inarudi. Sikio letu linapenda zaidi hezi kama 2000 hadi 5000, na kilio cha mtoto mchanga kina nguvu nyingi huko huko.

Halafu sikio linahesabu kwa kuzidisha, sio kujumlisha. Noti ya la kwenye kinanda ni hezi 440, la inayofuata juu ni 880, la ya chini 220, na sikio linaona hatua ni sawa. Kwenye ukubwa hivyo hivyo, mwimbaji 1 wakiwa 10 unasikia imekuwa kubwa kama mara 2 tu. Kwa hiyo mwalimu alipotuongezea watu 2 kwenye sauti ya nne kutoka 4 hakuna aliyeona tofauti, na hawakuwa wavivu.

Kinachonishangaza kuliko vyote ni simu. Baba ana sauti nene, kama hezi 100 hivi, na laini za simu kwa miaka mingi zimepitisha kuanzia kama hezi 300 tu, lakini akipiga kutoka Iringa namsikia na unene wake wote. Ule unene wenyewe haufiki, zinafika zile nyembamba zinazoambatana nao kwenye sauti yake, 300, 400, 500, afu ubongo unaona zimeachana kwa 100 unaijaza ile 100 wenyewe.

Na bibi yangu Tukuyu. Ananisikia mimi, mdogo wangu wa kike hamsikii, na tulikuwa tunampigia kelele mpaka anasema "mbona mnanifokea, wajukuu zangu?" Uzee unaanza kula sauti nyembamba, maana kile kijibomba cha ndani ya sikio kilichojikunja kama konokono kinazipokea pale mlangoni, na ndo panapochakaa kwanza, kwa hiyo s na f na t zinapotea neno linabaki vokali. Na sikio likichakaa hivyo sauti ndogo halisikii ila kubwa inaumiza haraka, kwa hiyo alikuwa anasema kweli, tulikuwa tunamuumiza. Sasa hivi nakaa mbele yake aone mdomo, naongea polepole kwa sauti yangu ya kawaida, na mdogo wangu nimemwambia ashushe noti, sio apunguze nguvu, ashushe, na bibi anamwitikia. Juzi mvua ikaanza kupiga bati katikati ya maongezi, tukanyamaza wote watatu mpaka ikapita.