"Basi aliyekosa ni nani?"

Nimetoka mazikoni sasa hivi. Hata viatu sijavua.

Tumemzika mtoto wa jirani yangu, miaka minne. Wao Wakristo, mimi Mwislamu, na yule mtoto alikuwa akiingia kwangu bila hodi.

Mtu mmoja alimwambia mama yake, "Mungu hakosei."

Mama akainua uso, akauliza taratibu:
"Basi aliyekosa ni nani? Yeye?"

Hakuna aliyejibu.

Tangu utotoni nimefundishwa kwamba dunia ni mtihani, na kwamba Allah hadhulumu hata uzito wa chembe. Ninaamini hivyo. Lakini leo maneno yalinikwama kooni.

Ayubu yumo katika vitabu vyetu vyote viwili. Katika Qur'ani anamlilia Mola wake kwa maneno machache tu: dhara imemgusa. Katika Biblia anateta, anadai kesi yake isikilizwe, na mwishowe Mungu anawakasirikia rafiki zake waliokuwa na jibu la kila kitu.

Hao rafiki walianza vizuri, lakini. Walikaa naye chini siku 7, usiku na mchana, bila kusema neno.

Nami nikakaa chini na yule mama.

Mkononi alishika kiatu kimoja kidogo. Anakifunga kamba, anaifungua, anaifunga tena. Bado nakiona kile kiatu.

Ndugu zangu, Waislamu kwa Wakristo, ninyi mngemwambia nini? Niandikieni hapa, nitasoma yote.