Kuiunganisha pampu ya kisima na jenereta bila kuhatarisha mtu

Katika maeneo mengi ya pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia Goba na Kibamba hadi Kigamboni, nyumba nyingi zinategemea visima virefu vilivyochimbwa uani, na kwa hiyo umeme unapokatika maji nayo hukatika muda si mrefu, mara tanki la juu linapokauka. Ndiyo maana jenereta la kwanza ambalo familia nyingi hununua halinunuliwi kwa ajili ya taa wala televisheni, bali kwa ajili ya pampu. Mimi ni fundi umeme, na kazi hii ya kuunganisha pampu na jenereta naifanya mara kwa mara. Msimamo wangu ni kwamba jenereta lililonunuliwa kwa ajili ya maji lipewe pampu peke yake, kupitia chenjiova (swichi ya kuchagua chanzo cha umeme) ya pampu hiyo tu, na lisiguse saketi nyingine yoyote ya nyumba.

Ninachokikuta katika nyumba nyingi ni waya wenye plagi ya kiume kila ncha. Ncha moja huchomekwa kwenye jenereta na nyingine kwenye soketi yoyote ya ukutani, na nyumba nzima hupata umeme kwa kurudi nyuma. Pini za plagi ile, ikichomoka ukutani jenereta likiwa linanguruma, zinabaki wazi zikiwa na volti 230, na mtoto anayeiokota hapati nafasi ya kujifunza. Hatari kubwa zaidi ipo mbali na nyumba. Ikiwa swichi kuu haikuzimwa, umeme wa jenereta hupita kwenye mita, hupanda nguzo na kufika kwenye transfoma ya mtaa. Transfoma haijui umeme umetokea upande gani: ile inayoshusha volti 11,000 kuwa 400 huzipandisha vilevile zikiingia kinyume. Fundi wa TANESCO aliyeko juu ya nguzo, ambaye ameambiwa laini imezimwa, anashika waya uliotiwa umeme na jenereta dogo la uani kwa mtu asiyemfahamu.

Mteja mmoja wa Goba aliniuliza swali ambalo ni la haki kabisa: «Fundi, mimi huwa nazima main swichi kwanza. Sasa hiyo chenjiova ni ya nini?» Nikamjibu, «Mama, wewe unazima. Je, siku ukisafiri na kijana wa bustani ndiye anayeliwasha?» Kanuni haziruhusu usalama wa mtu aliye nguzoni utegemee kumbukumbu ya mtu aliye nyumbani. Mafundi wengi wa kwetu tumelelewa na kanuni za Uingereza za BS 7671, zinazofuata mpangilio wa kanuni za kimataifa za IEC 60364, na sehemu yake ya 551 inadai kwamba jenereta la akiba lisiweze kabisa kuungana na umeme wa shirika kwa wakati mmoja. Swichi ya nafasi tatu, inayokata upande mmoja kabla ya kuushika mwingine, ni mojawapo ya njia zinazokubalika, na kwa nyumba ya kawaida ndiyo rahisi kuliko zote: juu ni TANESCO, chini ni jenereta, katikati ni sifuri, na hakuna namna ya kufika chini bila kupita kwenye sifuri. Kazi yenyewe, kwa Tanzania, ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kwa kuwa Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 inaihesabu kazi ya kufunga umeme miongoni mwa shughuli zinazohitaji leseni.

Sababu ya kuipa jenereta pampu peke yake ni mota. Pampu ya nyumba ile ya Goba ilikuwa ya kilowati 0.75, yaani nguvu ya farasi mmoja, na kibao chake kilionyesha ampea 6 ikiwa inafanya kazi. Lakini mota ikianza kutoka kusimama huvuta mara tano au zaidi ya kiasi hicho kwa muda mfupi, na jenereta linalotosha taa, friji na feni linaweza kuzimika au kushusha volti hadi mota ishindwe kuzunguka, ibaki imekwama huku ikichemka. Mtu anayesoma wati 750 kwenye kibao na kununua jenereta la kilowati moja amepoteza fedha yake. Kwa pampu ya namna hii ninashauri jenereta la kilowati 3 za kudumu, si zile za juu kabisa ambazo huandikwa kwa herufi kubwa ubavuni. Ukiongeza nyumba nzima juu ya pampu, hesabu inapanda haraka, na mafuta nayo.

Waya nao unahitaji hesabu. Kisima kile, ukijumlisha umbali kutoka kwenye kisanduku cha umeme na kina cha kushuka hadi kwenye mota, kilihitaji waya wa mita 60. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 hupoteza milivolti 18 kwa kila ampea na kila mita, hivyo kwa ampea 6 unapoteza takriban volti 6.5, chini ya asilimia 3, ambayo iko ndani ya asilimia 5 inayopendekezwa na kanuni. Wengi huishia hapo. Lakini wakati wa kuanza, ampea zikiwa 30, waya huohuo unakula volti zaidi ya 32, na hizo zinapungua wakati ambapo jenereta lenyewe limeinama. Kwa waya wa milimita 4 upotevu unashuka hadi volti 20 hivi. Nilipendekeza wa milimita 4, na sioni kuwa ni ubadhirifu.

Sehemu ambayo hukosewa hata na mafundi wazuri ni nyutro, yaani waya wa kurudisha umeme, na ethi, yaani waya wa ardhi. Majenereta mengi madogo ya kubebeka hutoka kiwandani nyutro yake ikiwa haijaunganishwa na chasisi wala na ardhi. Umeme ukivuja kutoka kwenye mota kwenda kwenye bomba la chuma, hauna njia ya kurudi kwenye jenereta, na kifaa cha RCD, ambacho kazi yake ni kulinganisha umeme unaotoka na unaorudi na kuukata usipolingana, hakioni tofauti yoyote. Na hapa pana mtego: kitufe cha majaribio kilichopo kwenye RCD huunganisha waya wa moto na nyutro ndani ya kifaa chenyewe, kwa hiyo ukikibonyeza kitakata hata kama hakuna ethi popote, na mwenye nyumba ataamini kuwa analindwa. Ninapopima natumia kipimo kinachopitisha umeme kwenye waya wa ethi wenyewe, jenereta likiwa linawaka.

Tiba ni kuunganisha nyutro na ethi mahali pamoja tu, upande wa jenereta, kabla ya chenjiova, kisha kutumia chenjiova inayokata waya wa moto na nyutro kwa pamoja, ili nyutro ya jenereta isikutane kamwe na ile ya TANESCO. RCD ya miliampea 30 hukaa baada ya chenjiova, ikilinda pampu kwa vyanzo vyote viwili. Kabla ya kufanya muunganisho huo soma kitabu cha jenereta, hasa kama ni la aina ya inverta, kwa kuwa baadhi ya watengenezaji hawauruhusu. Nyumba nayo iwe na fimbo yake ya ethi inayotegemeka, kwani kanuni inataka ulinzi wa upande wa jenereta usitegemee ardhi ya shirika. Ukinzani wa fimbo ukizidi omu 200 hauaminiki kubaki ulivyo, na udongo wa kichanga, ukikauka, huupandisha.

Katika kisanduku cha pampu ninaweka kontakta, yaani swichi inayoshikiliwa na umeme wenyewe, yenye kitufe cha kuwasha na cha kuzima, pamoja na kinga ya mzigo iliyopangwa kwa ampea za kibao, kwa maana kanuni inadai kinga hiyo kwa mota yoyote inayozidi kilowati 0.37. Faida ya kontakta ni kwamba umeme ukikatika inaachia, na ukirudi pampu haianzi yenyewe. Umeme wa TANESCO mara nyingi hurudi ukiyumba, na mota haipaswi kukutana na mayumbo hayo. Anayetaka boya la tanki liendeshe pampu lenyewe aongezewe rilei ya kuchelewesha.

Jenereta likae nje, mbali na madirisha, wala si barazani, kwa sababu moshi wake una kaboni monoksidi isiyo na harufu na inayoua watu usingizini.

Baada ya kupima kila kitu niliandika utaratibu kwa kalamu isiyofutika ndani ya mlango wa kisanduku, na mama yule akaurudia mbele yangu pamoja na kijana wake. Chenjiova inawekwa kwenye sifuri. Jenereta linawashwa na kuachwa litulie. Chenjiova inashushwa upande wa jenereta, ndipo kitufe cha pampu kinabonyezwa. Wakati wa kuzima pampu inatangulia na jenereta linafuata, hata kama mafuta yanakaribia kwisha, kwa sababu mota ya kisimani hubebwa na beringi inayolainishwa na maji wakati inazunguka kwa kasi, na jenereta likizimika taratibu huku pampu ikiwa bado imeunganishwa, kasi inashuka mpaka beringi hiyo inasagika ikiwa chini kisimani, na kuibadilisha kunamaanisha kuvuta bomba lote juu.