Twiga wa Ishirini na Nane

Twiga wa ishirini na nane alinishinda kwenye jicho. Shingo nilishaimaliza, madoa nimeyapanga, machweo ya rangi ya chungwa nyuma yake yamekauka. Kila nilipopeleka brashi kwenye jicho, mkono uligoma. Nikaiweka, nikanywa maji, nikarudi. Ukagoma tena. Mara ya nne nikakaa sakafuni katika kile chumba changu cha kupanga Chang'ombe, Dodoma, harufu ya tina imenijaa kichwani, nikalia kama mtu aliyefiwa.

Ilikuwa mwaka 2019. Dodoma ilikuwa imepewa hadhi ya jiji mwaka mmoja tu nyuma, watumishi wa serikali wanahamia, nyumba za wageni zinaota kila kona. Mteja mmoja aliagiza picha 40 za twiga, zote zifanane, kwa miezi miwili. Nilikubali upesi kwa sababu ada za watoto zilikuwa zinanikimbiza. Mchana nilichora twiga, usiku niliandika mabango ya maduka. Kufikia mwezi wa pili nilikuwa nikipata usingizi wa saa tatu tu, na humo humo usingizini naendelea kujaza madoa.

Mama mdogo alinipigia kutoka Kondoa siku hiyo hiyo, ana habari zake za karanga. Baada ya shikamoo na marahaba akanyamaza.

"Mwanangu, unaumwa?"

"Hapana mama, kazi tu."

"Kesho panda basi. Watoto waache na baba yao."

Hakuniuliza kama nina nafasi. Ningeulizwa, ningesema sina.

Siku mbili za kwanza nililala, nikaamka, nikamenya karanga naye barazani, nikalala tena. Siku ya tatu akamwambia binamu yangu, ambaye ni dereva wa bodaboda, "Mpeleke dada yako Kolo akaone ile michoro." Nimezaliwa Dodoma, nimekula kwa brashi tangu ujana, na sikuwahi kufika Kolo kuona michoro ya kale ya miambani. Mpaka leo jambo hilo linaniuma.

Kwenye ofisi ya mambo ya kale tulipewa mzee wa kutuongoza. Pikipiki ikatufikisha chini ya kilima, tukapanda kwa miguu hadi Mungumi, kwenye miamba yenye michoro. Mzee alitembea polepole akieleza kwamba miamba hii imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2006, lakini wazee wa huku hawakungoja orodha, bado wanapanda kuomba mvua. Akatuonya tusiguse kitu, halafu akaketi kwenye jiwe, akatuacha.

Nilichokiona kwanza ni wekundu: jiwe jekundu lililosagwa likawa rangi, juu ya mwamba wa kijivu. Watu wembamba, warefu, vichwa vyao vimefura kwa nywele. Mahali pamoja wako watano, na wa katikati anashikwa na wawili kila upande, anavutwa huku na huku. Kwa huyo nilisimama muda mrefu, mabega yangu mwenyewe yakiuma.

Kisha nikamwona twiga. Mstari mmoja tu unapanda kutoka begani hadi kichwani, na ndani ya mstari ule mna uzito wa mnyama anayetembea. Aliyeuchora alikuwa amemtazama twiga sana, labda siku nyingi, labda akiogopa asije akamkimbia. Nikatafuta jicho, sikuliona. Huenda limefutika, huenda halikuwahi kuwepo. Na mimi twiga wangu wote 27 walitoka kwa twiga mmoja niliyemwiga kwenye picha ya dukani! Nilikuwa nimechoka kwa kukosa usingizi, hilo ni kweli, na zile siku mbili za kulala zilinisaidia mno. Ila pale mwambani ndipo nilipojua kwamba macho nayo yalikuwa na njaa. Sikukumbuka ni lini mara ya mwisho nilikaa nikatazama kitu bila kukipigia hesabu ya bei.

Tulikaa hadi jua likageuka. Binamu alilala kivulini. Mzee hakutuharakisha, na kwa hilo namshukuru kuliko kwa maelezo yake yote.

Niliporudi Dodoma nilimpigia mteja nikamwambia picha 27 ziko tayari, zilizobaki nitafanya mbili kwa wiki, si zaidi. Alikasirika, akalipia hizo 27 na kazi iliyobaki akampa mtu mwingine. Ada nililipa kwa mafungu mwaka ule, na mabango ya usiku nikayaacha.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda soko la Majengo na penseli na daftari la shule. Ulikuwa msimu wa zabibu. Nikamwomba mama mmoja muuzaji ruhusa ya kukaa karibu yake, nikaanza kuchora mikono yake ikichambua vichala. Nilichora mara kumi na moja. Mwishowe akauliza, "Hiyo mikono unaipeleka wapi?"

"Siipeleki popote mama. Naitazama tu."

Akanisogezea kigoda chake.