Seneti ya Lincoln Isiyo na Maseneta

Kutoka Omaha hadi Lincoln, mji mkuu wa jimbo la Nebraska, ni saa moja hivi kwa gari, na njia nzima binamu yangu alikuwa akinicheka. "Umetoka Nairobi kuja kuangalia chumba kitupu?" Nikamjibu ndiyo, kwani kuna ubaya gani? Nebraska ndiyo jimbo pekee la Marekani ambalo bunge lake halina baraza la juu, nami nilitaka kuona lilikokuwa likikaa.

Jengo lenyewe la bunge tuliliona tukiwa mbali. Nchi ni tambarare kabisa, halafu ghafla mnara wa mita 122, na kileleni sanamu ya mpanzi akirusha mbegu.

Ukumbi wa Seneti uko upande wa mashariki. Nilisimama mlangoni muda mrefu kuliko nilivyosimama kwingine kokote. Ni milango miwili ya mbao iliyochongwa: kwenye mmoja mwanamume wa makabila ya asili amesimama juu ya fisimaji, kwenye wa pili mwanamke juu ya kobe, na katikati yao hindi limechipua. Kila mmoja unapita kilo 300. Nyuma yake, kimya.

Waliokaa humo waling'olewa kwa kura mwaka 1934. George Norris, mwenyewe seneta kule Washington, alizunguka jimbo zima akipiga kampeni; inasemekana alimaliza seti mbili za matairi. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: mabaraza mawili yakitofautiana, muswada unapelekwa kwa kamati ya watu wachache, faraghani, na mwananchi hajui nani aliubadilisha. Tena ilikuwa miaka ya njaa na ukata, na kulipa wabunge 133 ni mzigo. Siku hiyohiyo wapiga kura walirudisha pombe na kuruhusu kamari ya farasi, kwa hiyo sijui walikuwa na hasira au na furaha.

Mwaka 1937 walikaa wabunge 43 wa baraza moja. Leo wako 49, ukumbi wa magharibi, na karatasi ya kura haionyeshi chama cha mgombea. Kichekesho ni kwamba walichoacha ni Seneti tu, cheo wakakibakiza: kila mmoja wao anaitwa seneta. Tuliwatazama kutoka roshani wakibishana bila haraka. Nilipomnong'oneza binamu kwamba mshahara wao ni dola 12,000, akauliza, "Kwa mwezi?" Kwa mwaka. Akaguna.

Tukirudi garini nilimkumbusha kwamba hata sisi Kenya tuliifuta Seneti yetu mwaka 1966, tukaja kuirudisha 2013 ikiwa na maseneta 67. Alikaa kimya hadi tulipoingia barabara kuu.

"Na ile ya kwanza," akasema, "ilikuwa na milango kama ile?"